Maji ya wipa ya nyuma hayatoki: maswali kuhusu kufungua paneli za ndani na kurekebisha mpira wa maji

Majibu haya yanahusu magari yenye mlango wa buti unaofunguka kwenda juu: Toyota Ist, Vitz, Probox na Fielder, Nissan X-Trail, Subaru Forester na mengine ya aina hiyo. Mpangilio wa klipu na skrubu hutofautiana kati ya gari na gari, lakini njia ya maji na sehemu zinazoharibika hufanana sana.

Nianze kufungua paneli ipi?

Usianze na paneli yoyote. Hasara nyingi katika kazi hii hazitokani na mpira uliochomoka. Zinatokana na klipu zilizovunjwa na dari iliyokunjwa na mtu aliyekuwa akitafuta tatizo asilojua liko wapi. Tafuta kwanza tatizo lilipo, kisha fungua sehemu hiyo tu. Mara nyingi utajikuta unafungua paneli moja, ile ya mlango wa buti, na kazi inaisha bila kugusa kitu kingine.

Maji hupita wapi kutoka kwenye tanki hadi kioo cha nyuma?

Katika magari mengi madogo, tanki ni moja na liko mbele, nyuma ya bampa au ndani ya matigadi. Mpira mwembamba hutoka kwenye pampu, hupita kwenye ukuta wa injini pamoja na nyaya, kisha hushika moja ya njia mbili. Njia ya kwanza ni chini, kando ya kizingiti cha milango, hadi ubavuni mwa buti. Njia ya pili ni kupanda nguzo ya kioo cha mbele, kufuata ukingo wa dari hadi nyuma kabisa. Njia zote mbili huishia juu karibu na bawaba za mlango wa buti. Hapo mpira huingia ndani ya soksi ya mpira inayobeba pia nyaya, huingia mlangoni, na kuishia kwenye nozeli, yaani kitundu kinachorusha maji kiooni.

Mpira huo si kipande kimoja. Huunganishwa kwa viungio vya plastiki katika sehemu tatu au nne: karibu na ukuta wa injini, chini ya dashibodi pembeni, juu ya nguzo ya nyuma, na ndani ya mlango wa buti. Uvujaji hutokea zaidi kwenye viungio hivyo na ndani ya soksi.

Baadhi ya magari makubwa na mabasi madogo yana tanki la pili lililoko nyuma, ubavuni mwa buti, lenye pampu yake. Ukiona mfuniko mdogo wa maji ndani ya buti, gari lako ni la aina hiyo, na huna haja ya kufuatilia mpira kutoka mbele.

Nitajuaje kama tatizo ni pampu au ni mpira?

Kwa masikio. Washa swichi ya gari bila kuwasha injini, zima redio na feni, mwambie mtu abonyeze maji ya nyuma huku wewe umesimama karibu na tanki.

Ukisikia pampu inanguruma lakini kioo ni kikavu, umeme upo. Tatizo ni maji kwisha, mpira uliochomoka au kuziba, au nozeli. Ukiwa hausikii kitu, angalia fyuzi kwanza. Katika Toyota nyingi huandikwa WASHER au RR WIP, na kwa kawaida huwa kati ya ampea 10 na 20. Kama wipa ya nyuma nayo haifanyi kazi, fyuzi au swichi ya mkononi ndiyo ya kushukiwa. Kama wipa inafanya kazi na maji tu hayatoki, tazama pampu na swichi ya mkononi.

Usibonyeze zaidi ya sekunde chache tanki likiwa tupu. Pampu hupozwa na kulainishwa na maji yanayopita ndani yake, ikizunguka kavu huungua.

Maji ya mbele yanatoka vizuri, ya nyuma hayatoki kabisa. Pampu inaweza kuwa mbovu?

Ndiyo, na hapa wengi hupotea. Magari mengi hutumia pampu moja yenye matundu mawili ya kutolea maji. Umeme ukiingia upande mmoja, mota huzunguka kulia na maji huenda mbele. Ukigeuzwa, mota huzunguka kushoto na maji huenda nyuma. Ndani yake kuna kipande chepesi cha mpira kinachofunga tundu moja na kufungua jingine. Kipande hicho kikikwama kwa uchafu, mota itazunguka pande zote mbili lakini maji yatatoka upande mmoja tu.

Kipimo ni rahisi. Chomoa soketi ya pampu, weka mita ya kupimia umeme kwenye volti 20 za DC, kisha gusisha kalamu zake kwenye pini mbili za soketi. Ukibonyeza maji ya mbele na ya nyuma kwa zamu, mita isome karibu 12 kwa moja na karibu −12 kwa nyingine. Ukipata hivyo, nyaya na swichi ni nzima. Ukipata 12 upande mmoja na sifuri upande wa pili, acha pampu, shughulikia swichi au waya.

Kisha badilisha mipira kwenye pampu: wa nyuma uweke tundu la mbele na wa mbele uweke tundu la nyuma. Bonyeza maji ya mbele. Kama sasa kioo cha nyuma kinapata maji, mpira wote ni mzima na ndani ya gari hakuna cha kufungua. Nunua pampu. Ukishamaliza kupima, irudishe mipira mahali pake.

Mpira uko ndani ya gari urefu wote. Nitajuaje umekatika wapi bila kufungua kila kitu?

Gawanya njia vipande. Anza na kiungio kilicho ndani ya boneti karibu na ukuta wa injini: kichomoe, elekeza mpira ndani ya chupa, mtu abonyeze. Maji yakija kwa nguvu, pampu iko sawa na tatizo liko baada ya hapo, kuelekea nyuma ya gari.

Kutoka kwenye kiungio hicho hicho, sukuma maji kwa bomba la sindano kubwa, lile la mililita 60, kuelekea nyuma. Mkono utakuambia. Ukisukuma na kuhisi ukuta, kuna kuziba. Maji yakipita bila kizuizi chochote na nozeli haitoi tone, mpira umechomoka mahali. Acha kusukuma mara moja, kwa sababu maji hayo yanamwagika ndani ya gari.

Daima jaribu kutoka mbele kwenda nyuma. Mifumo mingi ina vali ya upande mmoja, na ukipuliza kutoka kwenye nozeli kurudi mbele, vali itakuzuia nawe utadhani mpira umeziba.

Halafu tazama alama za maji. Zulia la mbele likiwa limelowa pembeni, kiungio cha chini ya dashibodi ni cha kwanza kutazamwa. Hakikisha tu si maji ya eisii (kipoza hewa), ambayo nayo hudondoka karibu na hapo bomba lake la kutolea likiziba. Ya wipa yana povu au harufu ya sabuni. Dari ikiwa na doa juu ya buti, kiungio cha nguzo ya nyuma au soksi ya mlango ndiyo. Maji yakidondoka ukingo wa chini wa mlango wa buti, mpira umeachia ndani ya mlango. Taa ya breki ya juu ikiwa na unyevu ndani, kitako cha nozeli kinavuja.

Kuna wanaoshauri kutia rangi ya chakula kwenye tanki ili kuona uvujaji. Usifanye hivyo. Rangi ikiingia kwenye kitambaa cha dari haitoki.

Nozeli inaweza kuwa ndiyo imeziba?

Anza nayo kabla ya paneli zote, maana kuisafisha ni kazi ya dakika tano. Vumbi, nta ya kung'arishia gari na chumvi ya maji ya kisima hukauka kwenye tundu. Choma kwa sindano nyembamba au waya mmoja wa brashi laini, bila kulazimisha, ili usipanue tundu. Kama ni chumvi nyeupe, funga pamba iliyolowa siki juu ya nozeli kwa nusu saa, kisha futa na kurusha maji.

Nozeli zenye kijigololi huweza kuelekezwa kwa sindano hiyo hiyo. Lenga maji yagonge sehemu ya juu ya eneo linalofagiliwa na wipa. Yakigonga katikati, nusu ya juu ya kioo itafagiliwa ikiwa kavu na raba ya wipa italika mapema.

Nahitaji vifaa gani?

Vijiti vya plastiki vya kung'olea paneli (seti ya vipande vinne au vitano inatosha), bisibisi ya nyota na ya bapa ndogo, spana ya soketi namba 10 na, kama utafungua mkanda wa kiti, namba 14 au biti ya T50 (ya nyota yenye ncha sita) kulingana na gari. Ongeza koleo lenye mdomo mrefu, tochi, tepu ya karatasi, mita na klipu za akiba kama kumi.

Bisibisi ya chuma peke yake itafungua paneli, ni kweli, lakini itaacha kidonda kwenye plastiki na kukwaruza rangi ya bodi. Rangi iliyokwaruzwa chini ya paneli hushika kutu usipoiona. Kama huna vijiti, zungushia bisibisi tepu ya kitambaa.

Eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga abiria) ziko karibu na kazi hii?

Ukifungua mlango wa buti tu, hapana. Ukifungua nguzo au kushusha ukingo wa dari, ndiyo, na jambo hili lisichukuliwe kirahisi. Magari mengi yana eabegi za pazia zilizokunjwa kama kamba ndefu juu ya milango, nyuma ya ukingo wa dari. Utaziona kwa maandishi SRS AIRBAG kwenye kava la nguzo, na soketi zake huwa za manjano.

Zima gari, toa waya hasi wa betri, kisha subiri kabla ya kugusa chochote. Toyota huelekeza angalau sekunde 90. Nissan na Honda dakika 3. Muda huo ni wa kuacha umeme uliohifadhiwa kwenye kompyuta ya eabegi uishe. Usichomoe soketi ya manjano kama huna sababu, na kwa kazi ya mpira wa maji karibu kila mara huna sababu. Usipime waya zake kwa mita wala taa ya kujaribia.

Kosa baya zaidi hutokea wakati wa kufunga. Mtu anapitisha mpira mpya juu ya eabegi, au anaufunga kwa tai ya plastiki akiizungushia eabegi yenyewe. Siku ya ajali pazia halitashuka inavyotakiwa. Mpira urudi kwenye vishikizo vyake vya kiwandani, au ufungwe kwenye fungu la nyaya la kawaida, mbali na mkunjo wa eabegi na njia yake ya kushukia. Nguzo zenye klipu maalumu yenye kamba ya kuzuia kava lisiruke eabegi inapofunguka zirudishiwe klipu ya aina hiyo hiyo. Klipu ya kawaida haitoshi hapo.

Gari ambalo betri yake ya volti 12 iko nyuma, kama Prius nyingi, lina mtego mwingine: ukitoa betri halafu ukafunga mlango wa buti unaofunguliwa kwa umeme, utajifungia nje. Acha mlango wazi hadi umalize.

Nifungueje paneli ya mlango wa buti?

Tafuta skrubu kabla ya kuvuta. Ziko kwenye shimo la kushikia mkono la kufungia mlango, mara nyingi mbili, zikiwa zimefunikwa na vifuniko vidogo vya plastiki. Pembeni chini kunaweza kuwa na klipu zenye kitufe katikati. Baadhi hufunguka kwa kusukuma kitufe ndani milimita mbili au tatu hadi kisikike, nyingine kwa kuinua kitufe. Tazama kama kuna mfuo wa kuingiza bisibisi pembeni mwa kitufe: ukiwepo, ni ya kuinua.

Magari mengi yana vipande vya plastiki kuzunguka kioo, pembeni na juu. Vipande hivyo hutoka kwanza, kwa sababu ncha zake hukalia paneli kubwa, au paneli kubwa hukalia ncha zake. Angalia kipi kiko juu ya kipi, anza na cha juu.

Kwa paneli kubwa, ingiza kijiti kwenye ukingo wa chini karibu na klipu. Usiingize katikati ya klipu mbili, hapo ndipo plastiki hupasuka. Klipu ya kwanza ikiachia, ingiza vidole, weka mkono karibu kabisa na klipu inayofuata, vuta moja kwa moja kutoka kwenye bodi. Sauti ya kukwaruka ni kawaida. Paneli ikipinda bila kuachia, simama, maana kuna skrubu hujaiona. Kabla ya kuitoa kabisa, chungulia nyuma yake kwa tochi; taa ya buti au swichi inaweza kuwa imeshikwa na waya.

Asubuhi za baridi, kama za Arusha au Nairobi mwezi wa Julai, liache gari juani nusu saa kwanza. Plastiki iliyopata joto kidogo hupinda badala ya kuvunjika.

Nyuma ya paneli huenda ukakuta karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Usiichane. Kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yanayoingia mlangoni yasifike ndani ya gari. Ivue taratibu upande mmoja, na ukimaliza ibandike kwa kubonyeza gundi ile ile.

Nimefungua, naona mpira. Sasa?

Ufuate kutoka nozeli hadi unapoingia kwenye soksi. Ukiwa umechomoka kwenye nozeli au kiungio, usiurudishe hivi hivi. Ncha iliyokaa miaka mingi huwa imepanuka na kukauka, itachomoka tena wiki ijayo. Kata milimita 10 hadi 15 za ncha hiyo kwa wembe, kata iwe ya mraba, kisha sukuma ncha mpya hadi ipite meno yote ya kiungio. Ikiwa ngumu, ichovye kwenye maji ya moto kwa nusu dakika. Usitumie grisi wala oili, huozesha mpira na kuufanya uteleze utoke.

Kisha geukia soksi iliyo kati ya mlango na bodi, hata kama umeshapata tatizo. Mpira ndani yake hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na hapo ndipo hukatika zaidi kuliko mahali pengine pote. Minya ukingo wa soksi na kuutoa kwenye tundu la bodi, kisha irudishe nyuma kama kukunja mkono wa shati. Kunja mpira kwa vidole ukitafuta nyufa.

Naweza kuunga mpira ndani ya soksi?

Hapana. Kiungio ni kigumu, hakikunji, na mpira utakatika ukingoni mwake. Isitoshe, kikivuja hapo maji yanamwagikia nyaya. Badilisha kipande kizima, kutoka kiungio cha ndani ya mlango hadi kiungio cha juu ya nguzo ya nyuma. Mita 1 hadi 1.5 hutosha kwa magari mengi.

Kukipitisha, usivute mpira wa zamani kabla ya kuufunga na mpya. Chukua kipande cha waya mwembamba kama sentimita 5, kiingize nusu ndani ya mpira wa zamani na nusu ndani ya mpya, kisha zungushia tepu nyembamba. Paka maji ya sabuni, vuta taratibu upande mmoja huku mtu akisukuma upande wa pili. Kama wa zamani ulishakatika, tumia waya laini uliokunjwa ncha ili usitoboe maganda ya nyaya.

Acha ulegevu. Fungua mlango hadi mwisho, hakikisha mpira haukazwi. Ufunge, hakikisha haukunjiki kwa kona kali.

Nitumie mpira wa ukubwa gani?

Pima wa zamani. Kipenyo cha ndani cha milimita 4 ndicho cha kawaida zaidi, baadhi ya magari hutumia karibu 5. Mpira wa raba nyeusi ndio unaofaa. Maduka ya vipuri ya Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala) huwa nao kwa mita, na viungio vya plastiki huuzwa hapo hapo. Nenda na kipande cha zamani mkononi.

Mpira mwangavu wa tanki la samaki, wenye milimita 4 ndani na 6 nje, huingia vizuri na unafaa ndani ya mlango kwa muda, lakini hukakamaa kwa joto, hivyo usiupitishe kwenye boneti wala kwenye soksi. Mpira wa dripu ya hospitali usitumike kabisa. Kuta zake ni nyembamba, hujikunja na kufunga maji kwenye kona ya kwanza.

Magari mengi ya Ulaya hutumia bomba gumu la plastiki lenye viungio vya kubana. Hapo usilazimishe kuvuta. Kuna kishikizo cha kubonyeza au kuinua kwanza. Ukilazimisha, shingo huvunjika na kubaki ndani.

Lazima nishushe dari yote ili nifikie kiungio cha nguzo ya nyuma?

Mara chache sana. Kinachohitajika ni kulegeza ukingo wa nyuma wa dari kwa sentimita 10 hadi 15, mkono na tochi vipite. Vua raba ya mlango wa buti upande wa juu na pembeni kwa kuivuta kwa mkono. Toa kava la juu la nguzo ya nyuma. Toa klipu za dari za ukingo wa nyuma, kwa kawaida mbili hadi nne, na kishikio cha mkono kilicho karibu kama kinaizuia.

Dari imetengenezwa kwa ubao mwepesi uliobandikwa kitambaa. Ukikunjwa, alama haitoki. Usiivute kwa mkono mmoja, tegemeza kwa mto au boksi wakati unafanya kazi, na nawa mikono kwanza.

Paneli za ubavuni mwa buti hutoka kwa mpangilio gani?

Toa sakafu ya buti na pazia la mizigo. Kisha kizingiti cha buti, yaani plastiki inayofunika mdomo wa chini: huvutwa moja kwa moja juu, baada ya kutoa skrubu au klipu zake kama zipo. Vua raba ya mlango pembeni. Toa ndoano za mizigo. Baada ya hapo paneli ya chini ya ubavu huvutwa kuelekea katikati ya gari, halafu ndipo kava la juu la nguzo hupata nafasi ya kutoka.

Mkanda wa kiti hupita kwenye tundu la paneli. Mara nyingi unaweza kuiacha paneli ining'inie kwenye mkanda bila kufungua bolti. Ukilazimika kuifungua, piga picha ya mpangilio wa washa zake (vibati vya duara), na wakati wa kurudisha anza kwa mkono nyuzi kadhaa kabla ya spana. Toyota nyingi hutaka nguvu ya Nm 42 (nyutoni-mita) kwenye bolti ya mkanda. Hakiki ya gari lako, na ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu. Bolti hii inashikilia uhai wa abiria. Haikazwi kwa kukisia.

Klipu zimebaki kwenye bodi, nyingine zimevunjika. Nifanyeje?

Zilizobaki kwenye bodi zitoe kwa koleo, uzirudishe kwenye paneli kabla ya kufunga. Ukipachika paneli juu ya klipu iliyobaki kwenye bodi, shingo yake kwenye paneli huvunjika. Zilizovunjika nunua za shingo na kipenyo kile kile. Tofauti ya milimita moja inatosha kuifanya ilegee na kupiga kelele barabarani. Usibandike paneli kwa gundi, atakayefungua baadaye ataivunja.

Maji hutoka baada ya kubonyeza sekunde nne au tano. Ni kawaida?

Mara ya kwanza baada ya kutengeneza, ndiyo, mpira unajaa. Ikiwa kila siku ni hivyo, vali ya upande mmoja imekufa na maji hurudi tankini gari likisimama. Vali hiyo ni kipande kidogo kilichounganishwa katikati ya mpira, karibu na nozeli au ndani ya boneti, kikiwa na mshale. Mshale uelekee kwenye nozeli. Ikiwekwa kinyume, maji hayatoki kabisa.

Gari langu hutoa maji katikati ya ekseli ya wipa. Kuna tofauti?

Ndiyo. Katika magari kama VW Golf, maji hupita ndani ya ekseli yenye tundu ya mota ya wipa. Mpira huungana nyuma ya mota. Sili ya ndani ikichakaa, maji huingia kwenye mota yenyewe na kuiua. Ukiona maji yakidondoka kwenye mota huku nozeli ikitoa kidogo, usiendelee kubonyeza. Ukiendelea, utanunua mota nzima.

Na nyaya zilizo ndani ya soksi?

Zitazame ukiwa hapo. Maganda yake hukauka na kupasuka, na ndiyo sababu ya kawaida ya taa ya namba, breki ya juu, wipa au kufuli ya buti kufanya kazi mlango ukiwa wazi na kukataa ukifungwa. Waya uliokatika ungwe kwa risasi ya kulehemu na kufunikwa na mpira unaosinyaa kwa joto. Muungo ukae nje ya sehemu inayokunjwa, kwa kuongeza kipande cha waya mpya laini. Kuunga kwa kusokota na tepu ndani ya soksi hakudumu.

Nijaribuje kabla ya kufunga paneli?

Rudisha betri, ukiwa na hakika hakuna soketi ya manjano iliyo wazi; ukiwasha gari ikiwa wazi, taa ya eabegi itabaki inawaka hadi kosa lifutwe kwa mashine. Zungushia tishu kavu kila kiungio ulichogusa. Rusha maji mara tatu, sekunde tano tano, kisha fungua na kufunga mlango wa buti mara kumi, rusha tena. Tishu ikiwa na hata tone moja, kiungio hicho kifanyiwe upya. Futa mikono kabla ya kushika tishu mpya: unyevu wa vidole hudanganya.

Baada ya kufunga kila kitu, taa ya eabegi inapaswa kuwaka na kuzima yenyewe sekunde chache baada ya kuwasha swichi. Vioo vya umeme vinaweza kupoteza kupanda kwa mguso mmoja. Katika magari mengi, pandisha kioo hadi juu na uendelee kushikilia swichi sekunde chache.

Zulia na buti vilishalowa. Vitakauka vyenyewe?

Juu vitakauka, chini havitakauka. Sponji iliyo chini ya zulia hushika maji kwa wiki nyingi, ndipo harufu ya ukungu na kutu ya sakafu huanza. Inua zulia, weka kipande cha mbao chini yake, fyonza maji, acha milango wazi juani au piga feni siku nzima au mbili. Soketi zilizolowa zichomolewe betri ikiwa imetolewa, zipulizwe dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme na zikauke kabla ya kurudishwa. Kijani kwenye pini kisafishwe kwa brashi laini. Gari la haibridi (la injini na umeme) lenye betri kubwa nyuma likilowa karibu na betri hiyo, usifungue kava lake wala kugusa nyaya za rangi ya chungwa. Mpe fundi wa haibridi.

Nitie maji gani kwenye tanki?

Maji safi yaliyochujwa pamoja na dawa ya vioo vya gari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Sabuni ya unga ya kufulia huganda na kuziba nozeli. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko. Wanaoendesha Ulaya au Marekani Kaskazini watumie dawa isiyoganda, kwani maji matupu yakigeuka barafu hupasua viungio.

Sina muda wa kutengeneza sasa. Kuna njia ya kuzuia uharibifu?

Chomoa mpira wa nyuma kwenye kiungio cha ndani ya boneti na uzibe upande unaotoka kwenye pampu kwa skrubu nene isiyo na ncha kali, ifungwe kwa tai ya plastiki. Ya mbele yataendelea kutoka. Bandika kipande cha tepu kwenye swichi ya mkononi ili mwingine anayeendesha gari asibonyeze ya nyuma, kwa sababu pampu inayosukuma dhidi ya kizibo hupata joto na kizibo chenyewe huweza kuruka.